Nani Apewe, Nani Angoje: Niliyojifunza Uzeeni

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Johannesburg

 

 Kamati ya Maandalizi iliponiita iliniambia nizungumze juu ya elimu isiyo na mwisho, kwa sababu mwaka 2019, nikiwa mstaafu wa miaka 61, nilirudi darasani, jambo ambalo wajukuu zangu waliliona kuwa kichekesho na mke wangu akaliona kuwa njia ya kunitoa sebuleni. Nimeipokea mada hiyo. Hata hivyo naomba radhi mapema kwamba nitaielekeza mahali ambapo Kamati haikukusudia, yaani kwenye daftari la mahesabu ya Mfuko wetu la mwaka 2014. Kesho asubuhi tutapiga kura juu ya Mfuko huo, na sioni njia ya kueleza nilichosoma bila kulifungua daftari hilo.

Somo nililolichukua huitwa maadili tumizi. Falsafa ya maadili huuliza wema ni nini. Maadili tumizi humshika mtu mkono na kumpeleka wodini, mahakamani, ofisini na sokoni, na kumwuliza: hapa, leo, ukiwa na hiki kidogo ulicho nacho, utafanya nini? Chuo Kikuu cha Witwatersrand hapa Braamfontein hulifundisha kwa watu wa kazi mbalimbali, na darasani kwetu walikuwamo wauguzi, wanasheria, mhandisi wa mgodi, na mimi niliyekuwa mkubwa kuliko hata mwalimu.

Vijana watauliza kwa nini mzee asumbuke na mambo hayo katika mji wa dhahabu. Nawajibu kwamba katika mji huu somo hilo halikuzaliwa kwa anasa. Kitivo cha tiba cha chuo hicho hicho kina kituo cha maadili ya tiba chenye jina la Steve Biko, aliyefariki tarehe 12 Septemba 1977 mikononi mwa polisi, baada ya madaktari wa serikali kumwona na kumwacha aendelee kukaa katika hali ile. Baraza la madaktari halikuona kosa la kuwaadhibu. Ilibidi madaktari wachache, miongoni mwao Frances Ames, Phillip Tobias na Yosuf Veriava, waende mahakamani, na mwaka 1985 ndipo baraza likalazimika kulitazama upya jambo hilo. Miaka minane ilipita kabla ya watu wenye shahada kukubali kwamba daktari humtumikia mgonjwa kwanza.

Sasa niseme kidogo juu yangu, kwa kuwa wengi mnanifahamu kama Mhazini tu. Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 34, katika nchi mbili. Kuanzia mwaka 1981 hadi 1998 nilikuwa Dar es Salaam, katika ofisi moja ambayo majalada ya wagonjwa walioombewa kupelekwa nje kwa matibabu yalipitia mezani pangu. Zama hizo mgonjwa wa figo au wa moyo alikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa India. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na majalada yalikuwa mengi. Nani alikwenda? Kwa utaratibu, alikwenda yule ambaye madaktari walimpendekeza. Kwa ukweli, mara nyingi jalada lilisogea juu ya mengine kwa sababu ndani yake kulikuwa na kimemo. Wazee mnakikumbuka kimemo: kikaratasi kidogo, kisicho na nembo wala kumbukumbu namba, chenye maneno matano na sahihi ya mkubwa. Mimi niliyasogeza majalada hayo. Sikuchukua hata senti moja, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba kutochukua senti ndiyo maadili yote.

Hapa Johannesburg niliajiriwa mwaka 2001 katika utawala wa hospitali moja ya umma, na miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu mwaka 2018 nilikuwa katibu wa kamati iliyoamua wagonjwa gani wa figo waingie katika mpango wa kusafishwa damu kwa mashine. Kwa wasiofahamu: figo zikifa, damu ya mtu hupitishwa katika mashine, aghalabu mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, maisha yake yote, isipokuwa apate figo ya mtu mwingine. Hapa vimemo havikuwapo. Kulikuwa na vigezo vilivyoandikwa, na majina ya wagonjwa yalifichwa ili tuone maradhi tu. Nami niliandika mihtasari kwa Kiingereza safi: amekubaliwa, hakukubaliwa. Niliiona kazi hiyo kuwa maendeleo makubwa kutoka kwenye kimemo, na hadi leo naiona hivyo.

Darasani, insha yangu ya kwanza ilihusu kesi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyeijua kama nilivyoijua mimi. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa ofisini Dar es Salaam niliposikia mshindo wa bomu la ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11. Mmoja wa walioshtakiwa, Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa kwetu kutoka Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999 na kukabidhiwa haraka kwa Wamarekani. Mahakama ya Katiba, iliyo hapa hapa Johannesburg, ilikuwa imefuta adhabu ya kifo mwaka 1995 katika kesi ya Makwanyane, na majaji waliitaja humo ubuntu, ambayo sisi tunaiita utu. Mwezi Mei 2001 mahakama hiyo ikaamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa kumtoa mtu bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa, ikaagiza hukumu ipelekwe haraka New York ambako kesi yake ilikuwa ikisikilizwa. Mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha maisha.

Niliandika kurasa kumi na mbili kuitetea mahakama, nikapata alama nzuri. Alama hizo ndizo zilizonitia shaka. Nililisikia bomu kwa masikio yangu, lakini uamuzi haukuwa wangu, na hakuna aliyeninyooshea kidole. Ni rahisi kuwa mwadilifu juu ya jambo ambalo wameliamua wengine.

Kesi ya pili haikuniacha hivyo. Thiagraj Soobramoney alikuwa mtu wa Durban, mwenye umri wa miaka 41, hana kazi, ana kisukari na ugonjwa wa moyo, na figo zake zilikuwa zimekufa. Alisafishwa damu katika hospitali ya binafsi mpaka fedha zake zikaisha. Akaenda hospitali ya umma ya Addington. Huko zilikuwapo mashine 20, baadhi zikiwa katika hali mbaya, na waliozihitaji walikuwa wengi mno. Kwa makadirio yaliyotolewa mahakamani, mgonjwa mmoja wa kudumu aligharimu kiasi cha randi 60,000 kwa mwaka. Kanuni ya hospitali ilisema kwamba nafasi ni ya yule anayefaa kubadilishiwa figo, na mwenye moyo mgonjwa hafai. Soobramoney akaishtaki serikali. Alisema Katiba inampa haki ya kuishi, tena inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tarehe 27 Novemba 1997 majaji wote walimkatalia. Walisema maradhi ya kudumu si dharura kwa maana ya Katiba. Kwamba mashine ni chache. Na kwamba mahakama haitaingilia uamuzi wa wakuu wa tiba uliofikiwa kwa sababu za msingi na kwa nia njema. Jaji Albie Sachs, ambaye mwenyewe alipoteza mkono wa kulia kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988, aliongeza kwamba kugawa kilicho haba si kinyume cha haki za binadamu, bali ni sehemu yake. Soobramoney hakuishi siku nyingi baada ya hukumu.

Mhandisi wa mgodi alikasirika. Alisema mahakama imemuua mtu kwa hesabu. Mwalimu akatupa habari za Seattle, Marekani, ambako mwaka 1962 kamati ya raia saba wa kawaida ilichagua nani apate mashine hizo zilipokuwa chache mno. Kwa kuwa hawakuwa na kanuni, walitazama kipato, ndoa, watoto, hata kama mtu huhudhuria kanisani. Kwa maneno mengine, waliwachagua watu waliofanana nao. Niliposikia hivyo nilikiona kimemo kimevaa suti.

Nilinyoosha mkono nikawaeleza ndiva za Upare. Nilisema kwetu milimani maji ya kijito hukusanywa usiku katika bwawa, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Zamu inajulikana kabla jua halijawa kali. Bwawa na mifereji hutunzwa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu. Asiyekuwa na zamu leo hanywesheshi, hata kama mahindi yake yananyauka na ndugu yake ndiye anayefungua maji. Nikasema kwamba hapo ndipo penye haki: kanuni iliyowekwa mapema, mbele ya watu wote, humlinda mnyonge dhidi ya mwenye jamaa wakubwa. Darasa lilipendezwa. Nami nilirudi nyumbani nikiendesha gari taratibu katika barabara ya Empire, nikijisifu.

Usiku ule ndipo nilipomkumbuka ndugu yetu.

Nitamwita hivyo tu. Mjane wake yumo humu ukumbini, na sikuthubutu kuandika hotuba hii kabla ya kwenda nyumbani kwake kumwomba ruhusa. Wengi mnayajua yaliyotokea, lakini vijana hawayajui, na wengine mnayajua nusu.

Mwezi Machi 2014 figo za ndugu yetu zilikufa. Hospitali ya umma haikumpokea katika mpango wake, kwa vigezo vilivyoandikwa. Alituandikia barua akiomba mkopo, si msaada, wa randi 36,000, zimtoshe kusafishwa damu katika hospitali ya binafsi kwa miezi miwili hivi, wakati mdogo wake akipimwa huko nyumbani na kutafutiwa njia ya kwenda India. Mfuko ulikuwa na randi 118,000. Kamati yetu ya watu tisa ilikutana sebuleni kwangu. Mimi, Mhazini, nilisoma Ibara ya 4 ya katiba ya Umoja: Mfuko utatumika kwa mazishi na kusafirisha maiti tu. Neno hilo “tu” niliandika mimi kwa mkono wangu mwaka 2003, tulipoanzisha Umoja, kwa kuogopa kwamba leo atakuja wa ada ya shule, kesho wa kodi ya nyumba, keshokutwa mwenye biashara ya magari, na siku ya msiba tutakuta kapu tupu. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tulipiga kura, sita kwa watatu. Tukamjibu kwa barua, nayo ilikuwa barua nzuri.

Alifariki baada ya majuma saba. Siku ya tatu tukakutana tena, na safari hii hapakuwa na kura. Jeneza, dawa za kuhifadhi mwili, mzigo wa ndege, tikiti mbili za wasindikizaji, gari kutoka uwanja wa Kilimanjaro hadi Usangi: jumla randi 61,400. Nilisaini hundi hiyo mwenyewe. Kwa kanuni yetu, ndugu yetu alistahili fedha zetu siku ile alipoacha kuzihitaji.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu nilifundishwa kwamba mtu asijipige kifua kwa urahisi kama vile asivyojitetea kwa urahisi. Lau tungetoa zile 36,000, huenda angefariki vilevile. Mdogo wake hakuwa amepimwa, na figo si embe la kuchuma. Kisha tungemsafirisha kwa zile 61,400, na Mfuko ungebaki na randi 20,600. Ndani ya miezi tisa iliyofuata tulipata misiba mingine miwili. Wenye misiba hiyo wamo humu pia, na wazee wao wamelala katika udongo wa kwao. Wala sikubaliani na mwanafunzi mmoja aliyesema darasani, nilipoisimulia habari hii bila kutaja jina, kwamba kumsafirisha maiti ni kutupa fedha. Mama yake marehemu alikuwa na miaka 80. Alimgusa mwanawe uso kabla hajamfukia. Hilo nalo ni utu, na sijaona kitabu kilicholipima vizuri.

Kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine. Nilikuwa nimejilinganisha na madaktari wa Addington, na ulinganisho ulikuwa wa uongo. Wao walifungwa na mashine 20, na kwa kukasirika kwao mashine zisingezaliana. Kanuni yao ilimtazama mgonjwa na kuuliza tiba hii itamfaa nani zaidi. Kanuni yetu haikumtazama kabisa. Nasi hatukufungwa na mashine. Tulifungwa na neno la herufi mbili, ambalo watu tisa sebuleni wangeweza kuitisha mkutano na kulifuta, kwa kuwa katiba yetu inaruhusu marekebisho kwa theluthi mbili. Hakuna hata mmoja wetu aliyependekeza hivyo. Watatu waliopiga kura ya hapana walitaka tuivunje kanuni kimyakimya, na sisi sita tulitaka tuitii. Tulibishana saa tatu juu ya kuvunja na kutii, kana kwamba aliyeiandika alikuwa mtu mwingine aliyekwisha kufa.

Mwaka 2020 masomo yakahamia nyumbani kwa sababu ya korona. Mwezi Aprili chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi cha Kusini mwa Afrika kilitoa mwongozo wa nani apewe kitanda vitanda vikizidiwa, na ndani yake kulikuwa na kipimo cha udhaifu wa mwili. Niliusoma jikoni, nikajipima mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma vigezo nikiwa upande ule wa meza.

Nilipokwenda kwa shemeji yangu kumwomba ruhusa, nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya mashine, kanuni na theluthi mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema: “Shemeji, hesabu zenu sikuzikasirikia. Yeye mwenyewe alijua fedha za msiba ni za msiba. Kilichomuumiza ni bahasha. Mlikaa dakika kumi na tano kutoka hapa kwa gari, mkaleta bahasha.”

Ndugu zangu, pale hospitalini, daktari mkuu wa kamati yetu hakuruhusu mgonjwa aliyekataliwa apewe habari kwa karatasi. Alikwenda mwenyewe, akaketi kitandani, akakaa hadi maswali yakaisha. Mimi niliandika hayo katika mihtasari miaka mingi: mgonjwa ameelezwa. Niliyaandika kila Alhamisi, na sikuyapeleka mahali popote.

Sasa nije kwenye kura ya kesho. Pendekezo lililo mezani linasema theluthi moja ya Mfuko itengwe kwa wagonjwa, kwa mkopo, na kiwango kisichozidishwa kwa kila nyumba. Waamue watu watatu, mmoja wao awe muuguzi au daktari. Mwenye undugu wa nyumba moja na mwombaji asikae katika uamuzi huo. Na anayekataliwa atembelewe na wajumbe wawili, ana kwa ana, ndani ya siku tatu. Najua wazee wa Usangi hawajaridhika. Jana usiku mjomba alinieleza kwamba mlango ukifunguliwa kidogo utang'olewa, na kwamba nyumba zenye sauti kubwa zitapata na nyumba zenye haya zitakosa. Mjomba ana hoja. Nimeviona vimemo kwa miaka 17, na sidhani kwamba ukoo wetu una kinga dhidi yake. Kiwango cha kila nyumba kiliwekwa kwa sababu hiyo, na iwapo ni kikubwa mno, kesho kipunguzwe. Mimi nitaunga mkono pendekezo, lakini sitagombea kuwa miongoni mwa wale watatu. Uhazini pia naukabidhi kesho, kama nilivyomwandikia Mwenyekiti.

Nakala za pendekezo ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Pamoja nazo nimeweka daftari la mwaka 2014, na barua yake, na nakala ya jibu letu, kwa idhini ya shemeji. Ukumbi utakuwa wazi hadi saa nne usiku kwa wanaotaka kuzisoma, na kura ni saa tatu asubuhi baada ya chai.